Mfalme Katika Kaburi la Kuazima

Nyumbani, 4 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Naanza hivyo kwa sababu mama alitufundisha kuanza hivyo, si kwa sababu umeuliza. Goti la shemeji yako limepoa, sasa anapanda ngazi bila kutangaza kila hatua. Mpwa wako amefaulu mtihani na kiburi kimeota siku hiyohiyo. Mimi niko na meno yangu, yaani meno ya watu. Karakana ilifungwa wakati wa msiba, kwa hiyo waliokuwa wanasubiri meno ya bandia walikuja mazikoni vibogoyo, na wakaimba hivyohivyo.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu unajua kunyamaza halafu ukasingizia mtandao. Barua haina mtandao.

Uliambiwa baba amezikwa. Hukuuliza wapi, nami sikuwa na nguvu za kukueleza. Sasa kaa chini.

Unapafahamu alipolala mama, makaburi ya manispaa, kando ya ukuta, na ubavuni pake nafasi ya baba. Nafasi ile ni yetu na nimekuwa nikiipalilia miaka yote. Nilidhani halina mjadala hilo. Nilisahau kwamba baba yetu alikuwa na serikali.

Walikuja mawaziri wake wote wawili. Mfamasia, aliyestaafu duka la dawa lakini hajastaafu Uwaziri Mkuu, na Kinyozi, ambaye tangu utoto wetu sijawahi kujua wizara yake ni ipi. Wakaniambia mfalme hazikwi penye ukuta wa manispaa pamoja na raia. Mfalme hulala mlimani, kwa baba zake. Nikawaambia mlimani kuna geti, geti lina kufuli, na ufunguo anao binamu wa baba, yuleyule aliyekalia kiti ambacho baba alikidai tangu anapata akili. Wakasema watafanya mazungumzo. Nikawaambia maiti haisubiri mazungumzo.

Wakatoka barazani wakafanya kikao. Waliporudi walikuwa na uamuzi, na naomba uusome mara mbili kama mimi nilivyoomba wanirudie. Baba akilazwa mahali pake mwenyewe, huko ni kukubali. Watu watasema kesi imekwisha, mzee amesalimu amri. Lakini akilazwa mahali pa kuazima, basi yuko safarini tu. Kwa hiyo Kinyozi akatoa kaburi la kwao, lile la kujengewa kwa matofali, la vyumba viwili na kifuniko cha zege. Chumba kimoja yumo baba yake. Cha pili kinamsubiri mama yake, ambaye yu hai, amekaa kitandani kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Nilikuwa nimechoka, nikasema haya. Ndiyo maana leo baba yetu, mwenye nafasi yake ubavuni mwa mkewe, amelala ubavuni mwa baba wa Kinyozi, kwenye nafasi ya mama wa Kinyozi, kwa sababu za kisiasa.

Dereva wa gari la mazishi alifundishwa udereva na baba, kama nusu ya mji huu. Ikabidi gari lirudi nyuma kati ya makaburi. Unakumbuka baba hakukaa ndani ya gari hata siku moja likirudi nyuma. Alikuwa akiteremka, anasimama ukingoni mwa barabara, anaelekeza kwa fimbo, maana mfalme harudi nyuma. Basi dereva akazima injini akasema hawezi mpaka mtu asimame nje. Wakaenda wanaume watano kwa pamoja, wote aliowafundisha yeye, kila mmoja anapunga mkono upande wake. Nilicheka kwenye mazishi ya baba yangu, mdogo wangu. Halafu nikalia mpaka mke wa Kinyozi akanipa ncha ya kanga yake.

Nataka ahamishiwe kwa mama. Mawaziri wanasema mimi sina kauli, mwenye kauli ni Mrithi, yaani wewe. Waandikie mstari mmoja. Mmoja tu, sikuombi insha.

Dada yako

*

Huku niliko, 2 Aprili

Dada yangu,

Barua imefika, na nimeisoma nimesimama jikoni na koti mwilini. Wifi yako anakusalimu sana. Pacha wameanza kutembea, kila mmoja upande wake, kama wale wanaume watano. Baridi inaondoka kwa kusuasua. Kazini ni lifti zilezile. Juzi moja ilikwama kati ya ghorofa na watu wawili ndani, mke na mume, nikafika mbio na vifaa vyangu. Nilipowafungulia wakaniomba niufunge tena mlango kidogo, hawajamaliza kugombana.

Kuhusu kutokuja mazikoni, ni kazi. Nadhani unaelewa.

Sasa usinikasirikie. Mstari huo sitauandika. Baba alinipigia simu siku chache kabla hajafa. Aliongea muda mrefu kuhusu breki za lile gari lake, halafu akasema, "Nisiwekwe penye ukuta." Nikamwahidi. Mtu akiahidiwa kitandani, dada, ahadi haina pa kukimbilia.

Wewe nenda kwa binamu. Naye amezeeka, atataka yaishe. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini mmoja akishakufa zizi lina nafasi. Akitaka tumwombe radhi, tuombe. Mimi hayo mambo ya kiti hayajawahi kuninyima usingizi, unajua. Mzee alale anapotaka, basi.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 29 Aprili

Mrithi mpendwa,

Kwetu kwema, isipokuwa shemeji yako ambaye sasa goti ni lile la pili. Mpwa wako anauliza kama yeye ni binti wa kifalme. Nimemwambia ndiyo, akaoshe vyombo.

Nimekwenda kwa binamu kama ulivyoamuru. Ile inayoitwa ikulu yake ni nyumba ya vyumba vinne, kochi limefunikwa nailoni, linanata mapajani. Nilipokewa na karani mwenye adabu za kuudhi. Nikiwa naeleza, binamu mwenyewe akatokea na ndara, miwani juu ya paji la uso, akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Pole, mwanangu. Baba yako nilimwogopa maisha yangu yote, na kumbe alikuwa anafundisha watu udereva tu." Sikujua kama nikasirike au nimpe pole na yeye.

Anakubali. Geti litafunguliwa, baba atalala karibu na babu. Sharti ni moja: Mrithi atie sahihi kwenye tamko, ambalo nimeliambatanisha. Lisome. Linasema wewe, baba yako na babu yako mlidai kwa uongo kiti ambacho hamkuwa na haki nacho. Nilimuuliza karani kama neno "uongo" linaweza kutoka. Akasema wanasheria wamelipenda.

Mawaziri wamefurahi kama wameshinda vita. Hawajalisoma. Mfamasia anasema sahihi ni wino tu. Meno yake nilimtengenezea mimi, safu ya juu na ya chini, na siku hizi nakaa nayatazama yakinipinga.

Kuna jambo la geti, na nitalisema mara moja. Pale mlimani wanawake hawapiti. Ndivyo ilivyo tangu mababu, na binamu hana mpango wa kubadilisha. Wewe ulikuwa ukiingia na baba kila mwaka kusafisha kwa babu. Mimi na mama tulibaki nje juani, tumekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunasikiliza fagio lenu ng'ambo ya pili. Kaburi la babu sijaliona mpaka leo. Baba akilala mle, na la kwake sitaliona. Nimemwogesha mwaka mzima, nimemlisha, nimemnyoa siku ambazo Kinyozi alikuwa na wateja. Nadhani umenielewa.

Kingine ni mama wa Kinyozi. Nilikwenda kumrekebishia meno, yalikuwa yanamkwaruza fizi. Akafungua mdomo, nikachungulia, akaufunga kabla sijamaliza. "Baba yako anatoka lini?" Nikamwambia tunalishughulikia. Akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwezi wa pili sasa kalala na mume wangu." Nikamwomba radhi. Akasema yeye ana zaidi ya miaka tisini na alikuwa amejiandaa kwenda, lakini haendi mpaka mahali pake pawe wazi. Kinyozi alikuwa mlangoni, akaangalia viatu vyake.

Jibu upesi. Nasema upesi.

Dada yako

*

Huku niliko, 20 Juni

Dada yangu,

Nimechelewa, nisamehe. Jua limetoka hatimaye, watu wote wamevua makoti wamelala kwenye nyasi kama nguo zilizoanikwa. Pacha mmoja ameota meno manne kwa mpigo, nikakukumbuka. Wifi yako amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Kazini wametuletea lifti za aina mpya zinazoongea. Zinakuambia uko ghorofa gani kwa sauti ya upole, kana kwamba unapewa taarifa ya msiba.

Msalimie sana shemeji na magoti yake. Mwambie mpwa wangu mjomba anampongeza, na vyombo aoshe.

Ile karatasi nimeipata. Nitaishughulikia.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 8 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo. Salamu zimeishia hapo.

"Nitaishughulikia." Aprili uliniambia mambo ya kiti hayajawahi kukunyima usingizi. Nikaenda, nikakaa kwenye nailoni, nikaomba radhi kwa niaba ya vizazi vitatu, nikakuletea karatasi mpaka mlangoni. Ukaniandikia juu ya lifti zinazoongea. Natamani zikufundishe.

Kuhusu geti hukusema kitu. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma, hata bahasha nimeipasua nikaangalia ndani. Sitarudia nilichoandika. Nilisema mara moja, na mara moja inatosha.

Huku tumekuwa kichekesho. Mama wa Kinyozi amepona. Daktari wake hana maelezo. Mwaka jana walikuwa wanamgeuza kitandani, sasa anakaa dirishani na kuhesabia watu makosa yao. Anasema mfalme kamwongezea umri kwa kumkalia kaburi. Wakwe zake wanampenda wanavyompenda, lakini wengine wameanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nina tarehe. Kinyozi naye ananinyooshea kidole kwa heshima: alitoa kaburi kwa taifa, asema, hakulitoa kwa kudumu. Nikamuuliza taifa gani.

Mfamasia anakuja kila Ijumaa. Anakaa kwenye kiti cha wageni, hakai kile cha baba, anakiinamia kwanza, kisha ananiuliza Mrithi amesemaje. Nikimwambia bado, anatikisa kichwa: "Mkataa kwao mtumwa." Namtetea Mrithi, mdogo wangu. Nakutetea mbele ya meno yangu mwenyewe, halafu nafunga mlango nakulaani.

Nikwambie ukweli wangu, maana naona wewe hutaki kusema wako. Nimekuwa na hasira na baba tangu nikiwa na akili. Wenzangu walikuwa na baba wa kurudi kutoka kazini na kuvua viatu. Mimi nilitaka baba nikapewa mfalme. Nilipeleka chai kinyumenyume ili nisimpe mgongo, mpaka siku nilipojikwaa kwenye zulia na kumwagia Waziri Mkuu suruali yote. Mama alicheka akakimbilia jikoni. Baba hakucheka, lakini kuanzia siku ile akaruhusu nigeuke. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyowahi kumbadilishia.

Lakini hakuwa mwizi wala tapeli. Hakumwomba mtu kitu kwa ajili ya kiti kile. Alitaka tu kuitwa alivyoitwa babu yake. Alikuwa king'ang'anizi na alinichosha, nami nampenda, na amelala kwa watu.

Tia sahihi au kataa. Kimya kingi kina mshindo, na mimi mshindo wako nimeusubiri vya kutosha.

Dada yako

*

Huku niliko, 1 Septemba

Dada,

Tu wazima. Pacha waliugua, wakapona. Hiyo ndiyo habari yote ya nyumbani, nyingine ni hii.

Siwezi kutia sahihi.

Karatasi iko juu ya friji tangu Mei. Nimeishusha mara nyingi. Naikunjua mezani, nachukua kalamu, nafika kwenye lile neno, nainuka naenda kuangalia kama watoto wamelala. Wifi yako ameniuliza kama kuna mwanamke ananiandikia. Nikamwambia ndiyo, dada yangu.

Nilicheka mambo ya baba maisha yangu yote, unajua. Nilikuwa nawavunja watu mbavu huku kwa hadithi za Mtukufu na fimbo yake. Na sikuja mazikoni kwa sababu niliwaona mawaziri machoni, wamesimama na suti zao uwanja wa ndege, pale wanapotokea abiria, wanasubiri kuniinamia mbele ya watu. Niliona kabisa Kinyozi anavyopiga goti. Nikaogopa. Si kazi. Nilikuwa na likizo, niliitumia kupaka rangi chumba cha watoto.

Lakini kucheka ni kitu kimoja. Kuandika kwamba mzee alikuwa mwongo, nikaweka jina langu chini, ni kitu kingine. Nilipokuwa najifunza udereva nilimkwaruzia gari ubavu mzima kwenye nguzo. Mwenye nguzo alitoka anapiga kelele. Baba angeweza kusema ni mwanafunzi. Akasema, "Gari ni langu, kosa ni langu," akasimama pale kwenye jua akamsikiliza yule mtu mpaka akachoka. Nani aliyewahi kumsikia akisema uongo? Mimi sikuwahi.

Kwa hiyo mlimani hawezi kwenda bila sahihi, na sahihi siwezi, na ukutani niliahidi asiwekwe. Najua hilo si jibu. Nimekwama kati ya ghorofa, na fundi ni mimi mwenyewe.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 20 Septemba

Mdogo wangu,

Asante kwa kusema. Ungesema Machi ningekupenda mapema zaidi.

Sasa hali imegeuka. Mama wa Kinyozi ameanguka bafuni. Amerudi kitandani na safari hii hajibizani na mtu. Nilikwenda na kumpaka dawa ya fizi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama baba ameshatoka. Nikasema karibu. Akasema, "Mimi nilitaka kufa mtu wa heshima, sasa nasubirishwa kama mgonjwa wa foleni." Akageukia ukutani. Mke wa Kinyozi alikuwa analia jikoni na hakutaka nimwone.

Mimi na wewe tunabishana juu ya haki ya marehemu, na mwenye haki yu hai na anatusubiri. Nguo ya kuazima haisitiri, wazee walishasema, nasi tumemvisha baba yetu nguo ya bibi wa watu.

Sikusukumi tena. Nakuambia tu ilivyo. Asiyekuwepo na lake halipo, na ukikaa kimya nitaamua mimi, mawaziri wapende wasipende.

Dada yako

*

Huku niliko, 6 Oktoba

Dada yangu,

Nimetia sahihi. Karatasi ni hii.

Nimefanya kwa ajili ya yule bibi, na kwa ajili ya ahadi. Nimeandika jina langu lote na nimelikazia. Kisha nikaenda kazini, nikapanda juu ya lifti ya kwanza niliyoikuta, nikakaa kule gizani juu ya paa lake mpaka wakaniita kwa redio.

Ulichoandika juu ya geti nilikisoma Aprili. Nakumbuka ile ndoo. Nilikuwa nawaona nyinyi wawili kwa chini ya geti, miguu yenu tu, na nilijiona mkubwa kwa kuwa niko ndani. Sikukujibu kwa kuwa kila jibu nililoliandika lilinitia aibu. Hata hili. Umemuuguza wewe, na anayeruhusiwa kumwona ni mimi nisiyekuja.

Mpeleke mlimani. Ukinichukia nitaelewa.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 15 Novemba

Mdogo wangu,

Sote wazima, na safari hii naomba uamini. Shemeji yako anatembea, magoti yote mawili yamepoa. Mpwa wako amekataa kuolewa na mtu yeyote asiye na ufalme. Ana miaka kumi, kwa hiyo hatujaanza kuhangaika.

Mama wa Kinyozi amefariki, akiwa na meno yake mdomoni kama alivyoagiza. Alikwenda taratibu, kwa hiyo tuliwahi kumtoa baba kabla hajakata roho. Kibali cha manispaa kilikuwa tayari. Asubuhi ya siku ya kumhamisha baba tulikutana makaburini, mimi, shemeji yako, mawaziri wawili na suti zao, msimamizi wa makaburi na watu wake. Karani wa binamu alishapiga simu kusema geti liko wazi. Karatasi yako ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Wakafunua zege, wakamtoa. Jeneza lilikuwa zima, lina vumbi tu. Mfamasia akaninyooshea mkono: "Binti, ile karatasi. Nitaikabidhi mimi getini, ndiyo itifaki." Nikampa. Nikamwambia aisome kwanza. Akasema hana miwani. Kinyozi naye hana miwani. Tangu Aprili watu hawa hawana miwani.

Basi nikaichukua tena, nikawasomea. Nilisoma polepole, kwa sauti, mbele ya wachimba kaburi. Nilipofika kwenye lile neno Kinyozi akakaa chini, pale pale kwenye ukingo wa kaburi la baba yake.

Mfamasia akaniuliza, "Imeandikwa hivyo? Uongo?"

"Imeandikwa hivyo siku zote. Mlisema ni wino."

"Na Mrithi ametia sahihi?"

"Ametia. Imemchukua tangu Mei, na imemuumiza, na msimseme hata neno moja."

Mzee akasema, "Mtukufu hakusema uongo hata mara moja. Labda alikosea njia. Lakini hakusema uongo." Na mimi meno yale nikayasamehe yote.

Kinyozi akauliza sasa tumpeleke wapi, maana mamake yuko nyumbani anasubiri. Nikasema kwa mkewe. Mfamasia akaanza tena, kwa mazoea tu: kulala pale ni kukubali.

"Kukubali nini, mzee wangu?" nikamuuliza. "Kwamba alikuwa na mke?"

Aliyeshika mpini wa jeneza wa kwanza ni Kinyozi.

Najua uliahidi. Wewe uliahidi, mimi sikuahidi kitu, na nimeamua bila kukuuliza kwa sababu ungenijibu Februari. Ila kama unataka kulala usingizi, penye ukuta yuko mama. Baba yuko upande wa huku. Ukuta hakuugusa.

Nimelifikiria hili kuliko ninavyokuonyesha. Baba alitaka mambo mawili, kulala mlimani na kutokubali kushindwa, na yote mawili asingeyapata. Lile la kwanza lilikuwa na bei ya wewe kumwita mwongo. Nisingeweza kumpitisha kwenye geti lile ameinama. Nimekasirishwa na ufalme wake tangu utotoni, na siku ya mwisho mimi ndiye niliyekataa kuusaliti. Nikicheka peke yangu karakanani, ujue nacheka hilo.

Karatasi haikufika mlimani. Nimeichana, nikaichanganya na plasta, vipande vya sahihi yako vimo ndani ya umbo la taya la mteja mmoja mkorofi. Karani amepiga simu kuuliza kulikoni. Nimemwambia tumebadili mawazo, familia inaendelea kudai. Kwa hiyo kiti bado ni chako, utake usitake, na mawaziri wamenituma nikuambie wanangoja maelekezo. Pole sana, Mtukufu.

Sikuchukii. Njoo ukipata likizo, usipake rangi chumba chochote. Nitawafungia mawaziri nyumbani siku ya kukupokea.

Jana nilipotoka kazini nilipita kwa baba na mama. Nikang'oa magugu mawili matatu, nikakaa chini katikati yao, nikamenya chungwa nikala taratibu mpaka likaisha. Msimamizi alipita, akanisalimu, akaenda zake. Hakuna aliyeniambia nitoke.

Dada yako